Jina Lake Pembeni ya Mstari

Mama alihamia kwangu, Masisi, pale risasi zilipoanza kusikika kila siku upande wa Bihambwe. Alikuja na vitenge viwili, sufuria, na bidoni ya maziwa yaliyokuwa yamekwisha kuganda kwa kutikiswa njiani. Ng'ombe alikuwa amewaacha kwa baba mdogo. Nilimpa kiti, akakikataa. Alizunguka nyumba yangu yote ya vyumba viwili, akafungua dirisha, akalifunga, akauliza kabla hajavua hata viatu:

"Na mudogo wako? Iko?"

"Iko, mama," nikamjibu. "Leo asubui alitumika kazi yake."

Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimeona jina lake.

Mdogo wangu ni muuguzi. Sisi ni watu wa milimani, wa ng'ombe na baridi, lakini kazi ilimpeleka chini msituni, Walikale, kwenye kituo cha afya cha Mpofi. Mwanzoni aliteseka kwa sababu ya lugha. Mabibi waliotoka ndani ya msitu walikuja na mimba kubwa, yeye akawauliza kwa Kiswahili wanaumwa wapi, nao wakamtazama kama mtu anayeimba. Mzalishaji wa pale, mama mmoja mzaliwa wa Walikale, ndiye aliyekuwa akimtafsiria Kinyanga. Siku ambayo mzalishaji hayupo, mdogo wangu aliongea kwa mikono. Aliwahi kunisimulia jinsi alivyojaribu kumwonyesha mgonjwa kwa vitendo kwamba asilale chali, akalala yeye mwenyewe juu ya sakafu ya saruji, akageuka huku na huku, mpaka mgonjwa akasahau uchungu na kucheka.

Hapo ndipo tukaanza kutengeneza kitu chetu. Mimi ninafundisha ordinateri, yaani kompyuta, kwenye shule ya sekondari hapa Masisi, katika darasa ambalo mara nyingi halina umeme. Ninajua kuandika programu ndogo. Yeye alikusanya sentensi ambazo mzalishaji humwambia mwanamke mwenye uchungu, na mimi nikazipanga ziingie kwenye simu: unagusa maneno ya Kiswahili, simu inakuonyesha Kinyanga, na sauti ya mzalishaji inayatamka. Sauti ile niliijua sana, nzito kidogo, isiyo na haraka, ingawa mwenyewe sikuwa nimemwona hata siku moja.

Tulifanya kazi tukiwa mbali, yeye kwake na mimi kwangu, ndani ya faili zilezile. Kituo chao kilikuwa na paneli za jua na kisahani cha intaneti juu ya paa. Mimi nilikuwa na mtandao wa simu, siku ukitaka. Programu tuliyoandikia ilikuwa na mfumo wa kutunza kila badiliko: mtu akimaliza kuandika, anabonyeza kitufe chenye mishale miwili inayozunguka, na kazi yake inapanda, inamshukia mwenzake. Pembeni ya kila mstari, kwa herufi za kijivu zilizofifia, programu inaandika jina la aliyeugusa mara ya mwisho, na ni lini. Chini kabisa ya kioo kuna ujumbe mfupi kwa Kifaransa. Kama hakuna kipya, unasema tuko à jour, hatujaachwa nyuma na chochote.

Nilikuwa ninawafundisha wanafunzi mambo haya ubaoni, kwa chaki, nikichora mishale. Kuyafundisha ni kitu kimoja, kuyaishi ni kingine.

Simu ya mdogo wangu ilinyamaza wiki ileile mama alipofika. Nilimwandikia kwenye WhatsApp, ikatokea alama moja tu, ya pili haikuja. Nikapiga, yule mwanamke wa kampuni ya simu akanijibu kwa Kifaransa na kwa Lingala kwamba mtu huyu hapatikani. Watu walisema mnara wa huko umezimwa, wengine wakasema umechomwa. Basi nikafungua ordinateri, nikabonyeza mishale miwili, na sentensi mpya zikashuka. *Kunywa maji kidogo kidogo.* *Lala kwa ubavu wa kushoto.* Na pembeni, kwa kijivu, jina la mdogo wangu: *saa moja iliyopita*.

Nilimwita mama aone. Mama hasomi Kifaransa, lakini jina la mtoto wake analijua kwa macho. Aliweka kidole juu ya kioo, juu ya jina, akakiacha hapo.

"Njo yeye?"

"Njo yeye. Saa moja imepita. Simu itakuwa imeharibika, lakini anatumika."

"Soma vile anasema."

Nikamsomea. Aliposikia kunywa maji kidogo kidogo alikwenda jikoni, akajimiminia kikombe, akanywa. Sikujua kama anatania. Hakuwa anatania.

Tangu siku hiyo sikuweza tena kukaa na mambo mengine. Nilipika sombe ya majani ya muhogo huku ordinateri imefunguliwa juu ya meza, naacha mwiko, nabonyeza, narudi, sombe imeshika chini. Darasani nilitoka katikati ya somo nikijifanya nakwenda kutafuta chaki. Kanisani nilikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, kwa sababu mtandao unafika mlangoni tu, na mhubiri aliniona nikiinama nikadhani ataniita kwa jina. Kila nilipoona jina la mdogo wangu nilipata pumzi, na pumzi hiyo haikudumu kufika jioni. Nilitaka nyingine. Nilimwandikia pia, katika kile kiujumbe kifupi ambacho mfumo unakuruhusu kuambatanisha na kazi yako unapoituma: *Piga simu kwa namba yoyote. Mama iko kwangu.* Hakujibu. Nilijiambia hana nafasi.

Mama naye hakutulia. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Kila mlio wa pikipiki ulimtoa nje. Akirudi huuliza, "Iko?" Nami hujibu, "Iko."

Kisha sentensi zikakoma. Nilibonyeza asubuhi, mchana na jioni, na chini ya kioo ujumbe ukawa uleule: à jour. Hakuna kipya. Siku ya kwanza nilifikiri anapumzika. Siku iliyofuata nilifikiri kituo kimejaa wagonjwa. Baada ya hapo sikuwa na la kufikiri tena, nikawa ninautazama ule ujumbe kama mtu anayetazama mlango. Ulikuwa na alama ndogo ya kijani. Kijani kile kilinikera. Ungekuwa mwekundu ningelia, nikamaliza.

Mwalimu mwenzangu wa hesabu ndiye aliyeniuliza, tukiwa kwenye chumba cha walimu, "Lakini weye uko na réseau?"

"Iko."

"Wapi? Miye tangu siku nne sina kitu. Antenne ya hapa yote imekufa."

Nilitazama simu. Kweli, mtandao wa Masisi ulikuwa umekatika, ni mimi niliyekuwa nimekatika. Lile neno à jour halikuwa na habari yoyote ya Mpofi. Programu haikuwa imekwenda kuuliza popote. Ilikuwa inalinganisha kazi yangu na nakala ya mwisho iliyowahi kuipata, ikaona zinafanana, ikaniambia hakuna kilichobadilika duniani. Jambo hili nilikuwa nalijua. Nimelichora ubaoni. Lakini mtu akitaka kuambiwa kitu, anasoma anachotaka.

Nilipanda na mama kwenye kilima cha nyuma ya misheni, mahali ambapo wakati mwingine simu hunasa mnara wa mbali. Mama alitangulia. Ana magoti mabaya, lakini alitangulia. Tulisimama kwenye upepo, nikaweka ordinateri juu ya jiwe, nikaiunganisha na simu, nikabonyeza. Mishale ikazunguka kwa muda mrefu. Halafu mistari ikaanza kuteremka, mingi kwa mara moja, ya siku zote zile tulizodhani kuna kimya. Jina lake, jina lake, jina lake. *Siku tatu zilizopita. Juzi. Jana. Dakika kumi na mbili zilizopita.*

Nilipiga kelele. Mama alinishika bega akauliza ni nini, nikamwambia alikuwepo siku zote, ni sisi tuliokuwa hatupo. Alikaa chini kwenye majani, kwa mara ya kwanza tangu aje nikamwona anakaa bila kuombwa. "Soma," akasema. Nikasoma kwa sauti, upepo ukinichukulia maneno. *Usiogope, sisi wote tuko hapa. Bado kidogo. Mtoto anakuja vizuri. Damu imesimama.* Mama alikuwa anaitikia kila sentensi kwa "Eeh", kama mtu aliye kwenye simu.

Baada ya kilima kile ningeweza kuapa mbele ya mtu yeyote. Programu ilikuwa imenidanganya kwamba hakuna kitu, na ukweli ulikuwa mzuri kuliko uongo. Nani angeendelea kuwa na shaka baada ya hapo?

Na hata hivyo kulikuwa na jambo. Mdogo wangu huandika kwa herufi ndogo tupu, haweki kituo mwishoni, anaacha sentensi ikining'inia. Nilikuwa nagombana naye kwa hilo tangu mwanzo. Sentensi hizi mpya zilianza kwa herufi kubwa na kuishia na kituo, zote, safi. Nililiona hilo. Nilijiambia hatimaye amenisikia. Usiku halikuniacha, mchana nikalisahau, kesho yake likarudi.

Siku moja ya soko alikuja kwenye duka la jirani yangu motari, dereva wa pikipiki, aliyekuwa ametokea njia ya Walikale, amejaa tope mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa pale ananunua chumvi. Nilipofika nilimkuta amemshika mtu yule kwa mkono wa koti.

"Rudilia," mama akamwambia. "Rudilia vile umesema, huyu asikie."

Yule motari alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ikaniudhi kabla hajasema neno. "Mama ananiuliza muganga ya Mpofi. Ule kijana mulefu, mutu wa Masisi. Miye namujua, alinishona kichwa. Nimemuambia tu vile nilisikia pale. Alienda na tipoyi, watu ine wanabeba mabegani, kupeleka mugonjwa Walikale centre. Nyuma yake njia ikafungwa. Hakurudi."

"Lini?"

"Ni zamani. Mbele ya yale mapigano ya kwanza ya kule."

"Haiwezekani," nikamwambia. "Jana ametumika. Nimeona."

"Umemuona?"

"Nimeona kazi yake. Kwa ordinateri."

Alinyanyua mabega. "Dada, miye sijue mambo ya ordinateri. Kitanda yake pale iko mutupu."

Tulirudi nyumbani bila chumvi. Ndani, mama alisimama mbele ya meza, akanyoosha kidole kwenye mashine iliyofungwa.

"Na hii?"

"Hii haidanganyi, mama. Jina haliwezi kujiandika."

"Ule mutu pia hana sababu ya kudanganya."

"Anasema vile alisikia. Mimi nasema vile naona."

"Unaona jina," mama akasema. "Mutoto wangu si jina."

Tuligombana. Sijawahi kumpandishia mama sauti namna ile. Nilimwambia kwamba yeye anataka habari mbaya, kwamba ameizoea. Aliingia chumbani, akatoka, akaingia tena. Majirani walisikia. Nami nilikuwa nabonyeza mishale miwili wakati bado ninazungumza naye, sikuweza kusubiri tumalize, na sentensi ikashuka mbele ya macho yangu, na jina lake pembeni yake: *sasa hivi*. Niligeuza kioo kumwonyesha. Hakutazama.

Sasa hivi. Basi aliyeandika alikuwa bado amekaa pale. Viujumbe vyangu havikuwa vimejibiwa hata kimoja, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama anayeandika anajua hata kwamba vipo. Vinakaa mahali pa kando, unatakiwa ujue kuvifungua. Kitu pekee ambacho kwa hakika alikuwa anakitazama ni faili ya sentensi. Nikaifungua hiyohiyo. Chini ya mstari wa mwisho nikaandika, kama sentensi mojawapo ya kumwambia mgonjwa: *Ni ng'ombe gani alimvunja mama mkono?* Mdogo wangu alikuwepo siku hiyo, alikuwa mdogo, alimpiga ng'ombe yule kwa fimbo huku analia. Nikabonyeza.

Tulingoja. Mama alitoka chumbani akasimama nyuma yangu, mikono juu ya kiti. Mtandao ulishuka ukapanda. Nilibonyeza mpaka kidole kikaniuma. Jibu lilipokuja lilikuwa na jina la mdogo wangu pembeni, kwa rangi ileile ya kijivu, *sasa hivi*, na lilisema:

*Dada, sijui ng'ombe. Mimi ni mzalishaji, mwenye sauti. Muganga alienda na mgonjwa Walikale, bado hajarudi. Mbele ya kwenda alinionyesha mashine, akaniambia niandike ile nimezoea kusema, halafu nibonyeze mishale. Nilifikiri munajua. Mulikuwa munafikiri ni yeye?*

Na chini yake mstari mwingine: *Munisamehe sana.*

Nilisoma kwa sauti kwa sababu mama alikuwa nyuma yangu na sikuwa na mahali pa kujificha. Nilipomaliza hakupiga yowe. Aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Ni yeye huyu mwanamuke alisema nikunywe maji?"

"Ni yeye."

"Na mule kilimani? Usiogope, tuko hapa?"

"Pia yeye."

Mama akainamia kioo. "Iko peke yake pale?"

Nikauliza kwa kuandika. Alikuwa peke yake na mfagiaji. Wengine walikuwa wamekimbia, na akina mama waliokuwa wamejificha msituni walikuwa bado wanakuja kuzaa. Aliandika sentensi zake anapokuwa amemaliza, kwa sababu, alisema, mdogo wangu alimwomba, na kwa sababu kukaa bila kufanya kitu kulikuwa kunamtia wazimu. Hakujua kwamba mashine inaandika jina. Mdogo wangu ndiye aliyeingiza jina lake siku ya kwanza alipoitengeneza, na tangu hapo mashine ikaamini kwamba kila mkono unaoigusa ni wake.

Siku zile sikumbuki nilifundisha nini. Nilipiga simu kwa kila mtu niliyesoma naye aliye Walikale au aliyewahi kupita Walikale. Mmoja alisema tipoyi ilifika hospitali, mama na mtoto wazima, na wabebaji wakageuka kurudi. Kuhusu muuguzi hakujua. Mwingine alisema watu wengi walikimbilia upande wa Bisie, kwenye machimbo, kwa sababu huko kuna njia za miguu. Mama alitaka kwenda. Alifunga vitenge vyake viwili, akavifungua, akavifunga. Nilificha viatu vyake, naye akajua nimeficha, akaenda kufagia ua bila viatu.

Mzalishaji aliuliza kama aache kuandika. Mama akasema asiache. Lakini mimi sikuweza tena kuvumilia kuona jina lile likisema *sasa hivi*. Kila lilipotokea, moyo wangu uliruka kwanza, akili ikafika baadaye. Nikamwelekeza, mstari kwa mstari ndani ya faili ileile, jinsi ya kubadilisha jina kwenye mashine. Ilituchukua mchana mzima. Aliniuliza kama aandike jina lake la nyumbani au la kazi, nikamwambia lolote atakalopenda. Sentensi iliyofuata ilishuka na jina lake mwenyewe.

Nilidhani nitapata nafuu. Lakini sasa mistari ya mdogo wangu, ile yake ya kweli, isiyo na vituo, ilianza kuzeeka mbele yangu. Ilikuwa imezeeka siku zote, ila sikuwa nimeishughulikia. *Mwezi uliopita*, ilisema programu. Nilikuwa najua ni saa tu inayohesabu. Nilifungua siku nyingine ikawa *miezi miwili iliyopita*, nikafunga mashine, nikatoka nikatembea mpaka darajani na kurudi, na kwenda tena.

Simu ilikuja nikiwa darasani, kutoka namba nisiyoijua. Nilipokea mbele ya wanafunzi, jambo ninalowakataza.

"Yaya," sauti ikasema, kama mdogo wangu anavyoniita dada yake. "Ni miye. Usikate, hii simu ni ya mutu."

Nilimwuliza ng'ombe gani alimvunja mama mkono.

"Nini?"

"Jibu!"

"Ile ya pembe moja. Yaya, uko muzima kweli?"

Wanafunzi wananiambia mpaka leo kwamba nilikaa juu ya sakafu. Alikuwa kambi ya wachimbaji si mbali na Bisie. Waliporudi na tipoyi tupu walikuta risasi mbele yao, wakatawanyika, yeye akatembea na watu asiowajua, akaangushwa na homa ya matumbo. Familia moja ya wawindaji ilimchukua ndani, ikamlaza karibu na moto. Walimpa majani ya kunywa, na bibi wa nyumba ile alimfanyia desturi ambazo yeye, muuguzi, hakuzielewa na hakuwa na nguvu ya kuzikataa. Na kila jioni mume wake, shemasi wa kanisa lao, alikuja kumwombea kwa Yesu. "Sijue ni gani iliniponesha," aliniambia baadaye. "Siwezi kukosea heshima hata moja."

Alifika Masisi juu ya pikipiki, adhuhuri, amekonda hata koti lilikuwa linamvaa. Mama alimshika uso, akamgeuza kushoto na kulia kama anayekagua ndama sokoni. Hakulia. Alimwambia ananuka, akaenda kuchemsha maji.

Nilidhani atalala wiki nzima. Kesho yake alikuwa ameamka kabla yetu, amekaa mezani na mashine yangu, anapitia sentensi za mzalishaji moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Nilimweleza yote: ile à jour, kilima, jina. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Juu ya nini hukuuliza mutu tangu mwanzo?"

"Nilikuwa naona jina lako."

"Jina," akasema. Alikuwa amefika kwenye sentensi *Damu imesimama*, akauliza kama najua ilikuwa damu ya nani. Sikujua. Haikuwa imenijia kuuliza. Nilikuwa nimezisoma sentensi zote zile kama habari za nyumbani, kumbe kila moja mzalishaji alikuwa ametoka kumwambia mtu.

Alikaa nasi wiki chache. Hakuweza kulala ndani. Alisema kuta zinamkaribia. Alisaidia kwenye zahanati ya jirani, akarudi mapema, akatoka tena. Mama alimtafutia kazi Masisi, akazungumza na huyu na yule, akaleta hata habari ya nafasi kwenye hospitali. Alimshukuru. Kisha asubuhi moja, njia iliposemekana imefunguka, nikamkuta anafunga begi.

"Unarudia?" mama akamwuliza mlangoni.

"Ule mama iko peke yake, mama."

"Nawe uko na mama huku."

"Najua."

Mama alisimama katikati ya mlango na motari alikuwa nje, ameshawasha. Nilidhani hatampisha. Alimwuliza kama simu mpya tuliyomnunulia ina umeme. Mdogo wangu akamwekea mkononi. Mama akaitazama ile alama ya betri, ambayo nilikuwa nimemfundisha kuisoma, akamrudishia.

"Ukifika, unipigie na mudomo yako," akasema. "Sitaki kuandikiwa."

Alipisha. Pikipiki ilishuka kona ya kwanza, ikapotea, ikatokea tena chini, ndogo. Mama aliingia ndani. Mimi nilibaki nje, nikiwa tayari nimechelewa shule, na sikuweza kwenda upande wowote mpaka mlio ulipokwisha kabisa.